Kifungu Kilichoanikwa Pamoja na Mahindi

Kabla ya kupambazuka, tone la maji liliangukia kifuniko cha sufuria jikoni. Likafuata jingine. Bibi Tupokigwe alikuwa macho kitandani, akasikiliza. Mvua ilikuwa imenyesha Tukuyu siku kumi na moja mfululizo, na bati lake alijua lilipotoboka. Sebuleni kulikuwa na beseni, ukumbini kulikuwa na kopo la siagi, na kila chombo kilikuwa na sauti yake. Jikoni hapakuwa pakivuja. Alijifunga kitenge, akachukua tochi, akaenda kuangalia.

Maji hayakutoka kwenye bati. Yalitoka kwenye mkono wa koti la mzee mmoja mfupi aliyekaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Koti lilikuwa refu, la rangi ya karatasi kuukuu, na maji yaliyodondoka yalikuwa na wino. Juu yake, kwenye uchanja wa kukaushia mahindi ya mbegu, kitabu cha sheria kilikuwa wazi na ukurasa mmoja ulikuwa mweupe.

Kitabu kilikuwa kimeletwa jana yake na Amoni, karani wa mahakama, aliyepanga chumba cha mbele. Kabati la mahakamani lilikuwa limeota ukungu, vitabu vimevimba, na jua lilikuwa halijaonekana tangu Pasaka. Amoni akafanya kama afanyavyo kila mtu wa huko mwenye kitu kibichi. Alikianika juu ya moto, kati ya mahindi na soksi zake.

"Mugonile, tata," Bibi alisalimu kwa Kinyakyusa.

Mzee alimtazama tu.

"Umetokea wapi?"

"Humo juu," alisema mzee. "Mimi ni kifungu. Gundi imelegea."

"Una miaka mingapi?"

"Niliandikwa wakati wa Mwingereza."

"Basi wewe ni mkubwa wangu. Shikamoo."

Mzee alifikiri. "Hapo huwa mtu anajibu nini?"

"Marahaba."

"Marahaba," alisema, polepole, kama anayeonja uji wa moto. "Hakuna aliyewahi kunisalimu. Huwa wananisoma tu."

Bibi aliisogeza sufuria ya mbalaga ili wino usiingie kwenye ndizi, akaongeza kuni mbili, akamwambia avue koti likauke. Mzee alisema koti halivuliki. Basi akamsogeza yeye mwenyewe karibu na moto.

Sekela aliingia kutoka chumba cha uani alichopanga, amebeba ndoo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye vidole vilivyoganda weusi kwa utomvu wa chai. Siku tano kwa wiki alichuma chai Ikuti, kwenye shamba dogo aliloachiwa na baba yake. Siku mbili alikwenda kwenye nyumba za wageni karibu na stendi, akalala na wanaume waliomlipa. Bibi alijua. Hakuwahi kumwuliza, ila asubuhi za siku hizo Sekela alikuta maji ya moto yamewekwa bafuni.

"Nani huyu, Bibi?"

"Kifungu."

"Kipi?"

Mzee alisimama, akafumba macho, akajisema. "Kahaba yeyote akutwaye mahali pa watu kwa kazi hiyo." Hapo palikuwa na kimya kidogo, kama pengo la jino. "Atafungwa miezi mitatu."

Sekela alitua ndoo. "Ndiye wangu," alisema. "Nilidhani atakuwa mrefu."

Wiki tatu nyuma, askari walikuwa wamepita kwenye nyumba za wageni na kuchukua wanawake tisa. Sekela alikutwa mlangoni akiwa na bwana mmoja mtumishi wa serikali aitwaye Rodrick, mtu mwenye adabu zake. Rodrick aliambiwa aende nyumbani, na alipokuwa anaondoka askari mmoja akamkumbusha mwavuli wake. Sekela alipandishwa gari. Bibi ndiye aliyekwenda kumdhamini. Kesi ilikuwa Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kilichomnyima Sekela usingizi si gereza lenyewe. Ni chai. Chai isipochumwa wiki mbili inakomaa, na isipochumwa miezi mitatu inakuwa kichaka. Baba yake mdogo, Hezekia, alikuwa ameshasema mbele ya ukoo kwamba shamba ni la anayechuma. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesubiri.

Amoni aliamka, akaja jikoni na mswaki mdomoni. Alitazama ukurasa mweupe, kisha akamtazama mzee.

"Ametoka?"

"Anakunywa chai," alisema Bibi.

"Alhamisi saa tatu asubuhi awe ameingia, tafadhali. Kitabu nimekisainia mimi."

Akaenda kusukutua.

*

Jumanne Kifungu alisema angependa kuona. Hakusema kuona nini. Sekela alimpa magunia mawili ya plastiki ya kujifunika, wakaenda Ikuti.

Wanawake walikuwa tayari mashambani, vikapu mgongoni, maji yakiwafika mapajani kutoka kwenye majani. Jirani yake Sekela, Alinanuswe, aliinua kichwa.

"Sekela, huyo bwana amekuja kuchuma au kukagua?"

"Ni kifungu cha sheria, dada. Kile changu."

"Mwambie asinikanyagie miche. Wanaume wa vitabuni nao hawabebi kikapu?"

Kifungu aliomba kikapu. Alinanuswe alimwonyesha majani mawili na kichipukizi, akamwambia lililokomaa liachwe. Mikono yake ilikuwa myepesi, lakini kila jani aliloligusa aliliacha na alama ya wino, kwa hiyo walimwambia apumzike. Akakaa pembezoni na kuuliza maswali. Aliuliza chai inachumwa mara ngapi. Aliuliza kwa nini Sekela anatafuna tangawizi, akaambiwa ni kwa ajili ya baridi. Aliuliza baridi ikoje. Aliuliza kama wanawake wengine waliowahi kuletwa kwake nao walikuwa na mashamba.

"Si unawajua wewe?" Alinanuswe alimwuliza.

"Wanakuja kwangu kwa njia moja tu, ile ya askari. Wanasimama, ninasomwa, wanaondoka. Hatujawahi kuongea."

Sekela aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari. Kisha akageuka.

"Na mimi nina swali, mzee. Yule niliyekuwa naye mlangoni, kwenye maneno yako yuko wapi?"

Kifungu alifungua koti. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimeandikwa chote kwa herufi ndogo. Alisoma kutoka kulia hadi kushoto mwa kifua chake, taratibu, akifuata kwa kidole. Alisoma mara mbili.

"Simwoni," alisema. "Lakini hapa chini ya kwapa pana tundu. Wadudu walikula zamani. Palikuwa na maneno."

"Maneno gani?"

"Sikumbuki."

Wanawake watatu waliacha kuchuma, wakaja kulitazama tundu. Lilikuwa na upana wa vidole viwili. Alinanuswe aliingiza kimoja, akakitoa.

"Mtu anaenea hapa," alisema.

Alasiri ile Sekela alichuma haraka kuliko kawaida, na njiani alimbebea Kifungu magunia yake. Kama mwanamume alikuwamo kwenye tundu, basi Alhamisi Rodrick naye angeitwa. Na kila mtu alijua kwamba Rodrick hangeitwa. Kesi ingeahirishwa, kisha ingeahirishwa tena, na chai ingeendelea kuchumwa.

*

Jumatano Amoni aliporudi kula mchana walimweleza. Alisikiliza huku akimega ndizi. Alikuwa kijana mpole. Kila Jumamosi alimpasulia Bibi kuni za wiki nzima bila kuambiwa, na Bibi hakuwa mtu wa kusahau kuni.

"Mbeya kuna kitabu kama hiki," alisema. "Kikavu. Rafiki yangu Marietha ndiye anakitunza."

Akapiga simu, akaiweka sauti ya wote, akaiegemeza kwenye kikombe. Bibi alipunguza moto ili usilie. Kifungu alisogeza kigoda.

"Marietha, unisomee kile cha makahaba. Polepole."

"Wewe Amoni, saa hizi za kula?"

"Chetu kimeliwa na wadudu."

"Tukuyu nanyi, mnafuga mpaka wadudu wa sheria." Kurasa zilisikika zikifunuliwa. "Haya. Kahaba yeyote akutwaye mahali pa watu kwa kazi hiyo."

Sekela alishika ukingo wa meza.

"Ni mzururaji, naye atafungwa miezi mitatu. Basi. Kuna kingine?"

"Hamna mwanamume hapo katikati?"

"Mwanamume wa nini? Nimekusomea chote."

Amoni alishukuru, akakata simu. Mbalaga ilipoa kwenye sahani.

"Mzururaji ni nani?" aliuliza Kifungu.

"Ni mtu asiye na kazi," alisema Bibi. "Anayetembeatembea tu."

Kifungu alitazama kikapu cha Sekela kilichoning'inia mlangoni, bado kinadondosha maji ya Ikuti. Akaitazama mikono yake Sekela. Akatia kidole kwenye tundu la koti, akakiacha humo.

"Kaa huku, mzee," Sekela alisema. "Usirudi. Utalala hapa jikoni, Bibi hana neno."

Bibi kweli hakuwa na neno. Alikuwa ameshaanza kufikiria ampe blanketi lipi. Ila alimwona Amoni ameinamia sahani yake, hali wala hasemi, na moyo wake ukagawanyika katikati kama ndizi.

"Ningependa," alisema Kifungu. "Hapa pana joto, na mnaniuliza habari za asubuhi. Lakini ukurasa wangu ukiwa mweupe huyu kijana atafukuzwa, na kesho wataleta kitabu cha Mbeya. Na humo nimo."

"Yule wa Mbeya ananifahamu?"

"Yule hajawahi kutoka. Hajui baridi ikoje."

Nje mvua ilipungua, ikarudi.

"Basi nisomewe na wewe," alisema Sekela. "Angalau wewe umeniona."

Jioni ile alitia makaa kwenye pasi. Kifungu alisimama wima katikati ya jikoni, mikono ameinyoosha, naye Sekela akampiga pasi koti likiwa mwilini, kuanzia mabegani hadi pindoni, na penye tundu akaweka kitambaa kibichi ili lisichanike zaidi. Alichukua muda mrefu. Bibi alikaa pembeni akichambua maharage, na aliona kwamba Sekela alijaribu joto la pasi kwenye mkono wake mwenyewe kwanza, kila mara, kabla ya kumgusa mzee. Walipomaliza, Kifungu alikuwa mkavu na amenyooka, mwembamba kama anavyotakiwa kuwa. Aliwaaga mmoja mmoja. Alijifunza hata kusema ndaga, asante ya Kinyakyusa. Kisha Amoni alikishusha kitabu, akakifungua penye ukurasa mweupe, na mzee akaingia kichwa kwanza.

*

Alhamisi ilinyesha. Bibi Tupokigwe alikwenda mahakamani kwa mguu, na alipofika penye matope ya geti alimkuta bwana mmoja aliyekuja kufuatilia cheti chake. Bwana yule alimshika mkono, akamfunika kwa mwavuli wake mpaka barazani, akamfutia na benchi. Bibi alimshukuru. Alikuwa Rodrick. Aliwasalimu wote waliokuwepo, wakubwa shikamoo, kisha akaenda dirisha lake.

Hakimu alikuwa mama wa kutoka Tabora, ambaye kifua hakikumwacha tangu ahamishiwe nchi ya mvua. Wanawake tisa waliitwa mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Sekela, hakimu alifungua kitabu, akanusa.

"Karani, mbona sheria inanukia moshi?"

"Ilikuwa imelowa, Mheshimiwa."

"Vizuri. Ni kikavu kuliko vingine." Akasoma. Karatasi ilikuwa na joto kidogo, naye akaiwekea viganja vyote viwili, kama mtu anayeota moto. Alipofika penye tundu hakusimama. Neno alilijua kwa kichwa.

"Mshtakiwa una la kusema?"

"Naomba kifungu kiulizwe, Mheshimiwa. Kiliniona nikichuma."

Hakimu alilifikiria ombi lile. Hakuwa mtu mkali.

"Kifungu hakiulizwi, mama. Kinasomwa."

Kwenye ukurasa lilitokea tone la maji, likatambaa hadi mezani. Amoni alilifuta kwa leso. Hakimu aliandika miezi mitatu, akakohoa, akaomba dirisha lifungwe. Kwenye benchi la nyuma, Hezekia alisimama taratibu bila kumtazama mtu. Alikuwa na kikapu kipya mgongoni, na kutoka pale mpaka Ikuti bado kulikuwa na saa nyingi za mchana.

Bibi aliomba ruhusa ya kumpa Sekela sweta lake, akapewa. Akamvalisha mwenyewe, akamfunga vifungo vyote hadi shingoni, akamwambia tangawizi iko mfukoni. Wakashikana mikono kidogo. Kisha askari akamwongoza Sekela kuelekea mlango wa pembeni, na njia ya kwenda huko ilipita mbele ya meza ya karani, ambapo kitabu kilikuwa bado wazi.

"Sekela, mwanangu," Kifungu alisema kutoka ukurasani.

Sekela alisimama. Askari naye alisimama, akasubiri, kwa kuwa mtu mzima alikuwa anaongea.

"Ndaga kwa pasi. Sijawahi kukaa vizuri hivi. Sasa njia umeshaijua. Ukimaliza hiyo miezi, usinitupe. Uje tena unitembelee."