Kati ya Udongo na Sauti

...na bora angemwambia Dokta Haugen, mwalimu wa timu ya udongo, kwamba ana homa, homa kila mtu anaielewa, lakini yeye alisema "najisikia vibaya kidogo," na hiyo "kidogo" ndiyo itakayomuumbua, Lenka alijiambia, amesimama mbele ya kizuizi cha reli kilichoshuka, taa nyekundu zikipokezana kuwaka, treni ya makaa ya mawe ikipita behewa baada ya behewa, na ng'ambo ya mabehewa hayo jengo la muziki ambamo walimu watatu wanamngoja kwa mtihani wa kuimba, na nyuma yake, uwanjani pa shule ya kilimo, gari la timu linanguruma tayari kwenda kwenye mashindano ya kutambua tabaka za udongo mashimoni, kiti chake kitupu, au labda wameshakiwekea mabegi... "Hii treni haina mkia," alisema Corwin, mpiga piano wake, akipulizia viganja vyake ili visife ganzi, "we Lenka, unanisikia? Nasema ule wimbo wa pili usinikimbize," ndiyo, nasikia, sikukimbizi, lakini kwa nini alikubali kote kuwili, tarehe zilipogongana mwezi uliopita aliziona, akanyamaza, akitumaini moja itaahirishwa, kama mtoto anayefumba macho akidhani haonekani, na baba alishamwonya, siku ile wakipakua mahindi kule nyumbani Nebraska, wala hakupandisha sauti, baba hapandishi sauti hata nguruwe wakibomoa ua, "Shule mbili, mwanangu? Mtu ana makalio mawili lakini hukalia kiti kimoja," shangazi Zdena akacheka mpaka akamwaga kahawa, na yeye Lenka akacheka pia, kwa kiburi, akawaambia wangoje waone... wangoje waone nini, huku kwenye udongo jina lake ni Kanari, kama yule ndege mwimbaji, "Kanari, shuka shimoni utuimbie," na kule kwenye muziki Bi Ashworth, mwalimu wake wa sauti, humsogezea glasi ya maji kabla hajafungua kinywa, "Umekula vumbi tena, binti," kila nyumba anakoingia yeye ni mgeni, mgeni anayependwa, lakini mgeni, na anazipenda zote mbili, hilo si uongo, anapenda kushuka shimoni na kufinyanga tope kwa vidole mpaka ajue udongo wa mfinyanzi uko kiasi gani na mchanga kiasi gani, anapenda pale sauti inapopanda yenyewe kama haijui kwamba ni yake... "Una mafua au woga?" Corwin aliuliza, "Vyote," alimjibu, naye Corwin akaguna, na behewa jingine, na jingine, na mwaka jana mwanzoni mwa kiangazi aliposhindwa kutambua tabaka rahisi kabisa la udongo, ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulijua, Dokta Haugen alimuuliza, "Umepatwa na nini?" naye akasema, "Nilikuwa na mazoezi ya kuimba, Dokta," akasamehewa, na baridi ilipoingia, sauti ikamkatika mbele ya darasa zima, Bi Ashworth akauliza, "Kulikoni?" naye akasema, "Nilishinda maabara ya udongo," akasamehewa, huku anasamehewa kwa ajili ya kule, kule kwa ajili ya huku... ngoja... ngoja kwanza... basi ni nani aliyewahi kumpima akiwa mzima, hakuna, hakuna hata mmoja, miaka mitatu anawaambia watu kwamba shule mbili zinampasua katikati, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyejibanza hapo katikati, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia hujui, akatamani kulirudisha wazo hilo lilikotoka, lakini simu ilikuwa inatetemeka mfukoni, Dokta Haugen, akaiacha, ikatetemeka tena, akaipokea.

"Lenka, tukungoje?"

"Siumwi, Dokta. Nilikudanganya. Niko hapa relini, nakwenda kwenye mtihani wa kuimba."

Honi ya treni ikalia. "Hata mimi naisikia hiyo treni," alisema Dokta. "Wenzako niwaambie mimi, au utawaambia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Watakasirika. Mimi nimeshakasirika." Akavuta pumzi. "Na huko unakokwenda, umejiandaa?"

Na hapo kinywa kilifunguka chenyewe, kwa mazoea, kutaka kusema mashimo ya udongo yalimmalizia wiki, akakifunga. "Nimejiandaa," alisema, na simu ikakatika, na huzuni ya lile gari linaloondoka bila yeye ikamjaa, ilikuwa huzuni kweli, maana aliutaka udongo, Jumatatu itabidi aukiri uongo wake mbele ya wenzake wote, na leo, ng'ambo ile, itabidi aimbe tu, na wakisema sauti haitoshi basi haitoshi... mabehewa bado, meusi, yakifuatana.

"Usijali," Corwin alisema, "tukichelewa tutasema ni treni."

"Hapana," alisema Lenka. "Tutasema tumechelewa."