Nguzo ya Nne

Jumatano asubuhi Shamte Mfaume aliketi kwenye kiwanja cha kanisa, kisiwani Chole, akichonga kichwa cha nguzo ya tatu. Padri alikuwa amempa picha iliyokatwa kitabuni: nguzo ndefu, na juu yake majani yaliyojikunja. Shamte aliitazama siku mbili. Mmea ule hakuujua, lakini pakacha alilijua, na chini ya majani yale palikuwa na pakacha. Basi akachonga pakacha, ukuti kwa ukuti.

"Na mchukuzi wake yuko wapi?" akamwuliza padri.

Padri akacheka. Alikuwa mtu mpole, mpenda kueleza. Akasema kwamba zamani, kwa Wayunani, msichana alikufa, na yaya wake akaweka kikapu chake juu ya kaburi, majani yakaota kukizunguka. Fundi mmoja akapita, akaona, akachonga. Wapagani wakayaweka majani hayo katika mahekalu yao. Wakristo wakayarithi, yakawa alama ya uzima usiokoma. Wengine, akaongeza, walisimamisha sanamu za wanawake badala ya nguzo, na paa vichwani mwao. Shamte akawaza kwamba watu hao walijua kutumikisha.

Kanisa lilikuwa dogo, la Wajerumani wachache wa boma, na nguzo zake zilikuwa nne tu. Mawe na chokaa vilibebwa na wanawake waliotolewa na mabwana zao. Mmoja wao alikuwa Somoe, mke wa Shamte na mtumwa wa Sleyum bin Mbarouk, mwenye minazi. Kwa ada, Alhamisi na Ijumaa zilikuwa za Somoe mwenyewe, hivyo kwa miaka sita Shamte alikuwa na mke siku mbili kwa juma. Padri aliahidi kwamba kanisa likiisha atamwombea Somoe barua ya uhuru. Ndiyo maana mapakacha ya Shamte yalikuwa mazuri kupita ujira wake.

Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi, boriti zikiwa zinashushwa mahali pake kwa kamba, nguzo ya nne ikapasuka toka juu mpaka chini. Askofu alikuwa anatarajiwa kesho yake. Somoe alikuwa anapita na pakacha la kokoto kichwani.

"Simama hapo kidogo," padri akamwambia.

Akasimama, mikono imeshika pakacha. Boriti ikashuka juu yake, ikatulia. Mafundi wakaenda kula. Kufikia alasiri miguu yake ilikuwa jiwe la matumbawe mpaka vifundoni, na makuti makavu ya pakacha yalikuwa yametoa majani. Padri akapima, akaona Somoe amezizidi nguzo nyingine kwa vidole viwili. Akamwomba akunje goti moja kidogo, mkao ambao, alieleza, Wayunani waliupenda sana. Somoe akakunja, na goti likaganda hivyo hivyo.

Askofu alizitazama nguzo tatu kwa adabu, na ya nne kwa muda mrefu. Akasema kazi ni njema.

Jumatatu Sleyum akaja kuuliza mtu wake yuko wapi.

"Shikamoo, bwana," Somoe akamsalimu. Kufikia siku hiyo alikuwa jiwe mpaka kiunoni.

"Marahaba."

Sleyum akamzunguka, akamgonga paja kwa kidole, akasikiliza. Huyu hangeweza tena kupalilia wala kubeba nazi. Miaka sita alikataa kumwacha huru. Sasa padri alipomwombea, alikubali kabla kahawa yake haijapoa, na watu wakamsifu kwa thawabu aliyoichuma. Muhidini, karani wa boma, akaisoma barua mbele ya Somoe: kuanzia siku ile yeye ni huru, aende apendako, asizuiwe na mtu. Kisha akaichomeka kati ya majani, maana mikono ya Somoe haikuwa na nafasi.

Shamte akachonga nguzo mpya kwa siku kumi na mbili, jiwe gumu la kisiwa jirani cha Juani, akaileta kwa mtumbwi. Padri akaikataa.

"Askofu ameisifu hii, fundi."

"Huyu ni mke wangu, bwana."

"Najua. Na sasa ni huru. Anasimama kwa hiari yake."

Na ili pasiwe na wa kusema ameonewa, akamwuliza Somoe mwenyewe kama anataka kutoka.

"Nataka, bwana," Somoe akasema. "Lakini nikitoka hivi hivi, paa litawaangukia watu. Mwache mume wangu aweke jiwe lake kwanza."

Padri aliguswa sana. Akaliandika jibu hilo, akalihubiri Jumapili, isipokuwa mwanzo wake na mwisho wake. Wanawake wawili wa Kijerumani walilia.

Mwenye nguvu mpishe, majirani wakamwambia Shamte, msemo ambao haujamfaa mnyonge hata siku moja. Jiwe la Juani likalazwa nje, ubavuni mwa ukuta.

Shingo na uso vimebaki vya Somoe, na njaa pia. Kila asubuhi Shamte humletea uji, akamnywesha kwa kata ya kifuu. Jumapili hungoja mlangoni, kwa kuwa Mwislamu haruhusiwi kuingia wakati wa ibada, na uji hupoa. Siku moja akamwuliza padri imekuwaje basi mkewe, Mwislamu kama yeye, yumo ndani.

"Mkeo hakuingia," padri akamjibu kwa upole. "Yeye ni sehemu ya jengo."