Lebo Kwenye Kopo la Sukari

Baba ni mkaguzi wa nyumba. Huingia nyumba za watu, akapima soketi, akachungulia nyaya, na penye hitilafu hubandika lebo ya njano: HATARI, UMEME, USIGUSE. Akirudi jioni huacha bunda la lebo mezani, na hapo ndipo Mama alipopata wazo. Alianza na kopo la sukari. Ikafuata redio yake, kabati la biskuti, halafu kiti anachokipenda. Mwishowe, kwetu lebo ya hatari ilikuwa na maana moja tu: subiri Mama ageuke.

Baba ndiye aliyesubiri kuliko sote.

"Mzee, hilo kabati lina umeme," Mama humwambia.

"Nimelikagua," Baba hujibu mdomo umejaa. "Liko salama."

Lebo ya kweli ilikuwa moja, bafuni, kwenye swichi ya hita ya maji. Waya ulikuwa umechunika. Baba aliibandika kwa mkono wake, akaandika HITA chini yake, akasema kesho atamwita fundi. Kesho hiyo ilikuwa haijafika, nasi tulikuwa tunachemsha maji jikoni.

Sasa, kazini kwao nyumba ya mkaguzi hukaguliwa na mkaguzi mwenzake. Hitilafu yenye lebo husamehewa kwa muda. Isiyo na lebo, nyumba imeanguka mtihani, na mwenyewe anakaa ofisini kupanga karatasi mpaka aitengeneze. Baba na kukaa ni vitu viwili mbalimbali. Hata chai huinywa akizungukazunguka. Na aliyepangiwa kuja kwetu alikuwa Mama Miwani, ambaye Baba mwenyewe husema anaona vumbi lililo nyuma ya ukuta.

Asubuhi ile Baba alikuwa hashikiki.

"Mama watoto, bandua hizo stika zako! Nitachekwa!"

"Zote?"

"Zote!"

Mama akazibandua. Mimi nikazifagia.

Mimi wageni wakija hujificha jikoni. Mama husema hata paka wetu ana maneno kunishinda. Kwa hiyo Mama Miwani alipoingia, nilikuwa nimechutama karibu na ndoo ya taka, namsikia akisifu sebule, na Baba akicheka kicheko chake cha ofisini. Nikamwaga taka kwenye ndoo. Lebo moja ikaanguka nje, imeandikwa HITA.

Nilisikia mlango wa bafuni ukifunguliwa.

Sijui nilifikaje. Ninachojua ni kwamba Mama Miwani alikuwa amenyoosha mkono kwenye swichi, na sauti iliyotoka kinywani mwangu sikuwahi kukutana nayo.

"Usiguse!"

Mkono ukabaki hewani. Akaichukua lebo niliyoishika, akaisoma, akamtazama Baba. Baba akamtazama Mama.

"Ulisema zote," Mama akasema.

Mama Miwani akatoa kipimo chake, akakigusisha kwenye swichi. Kikawaka taa nyekundu. Akashusha pumzi.

"Mwenzangu, nyumba imeanguka."

"Lakini lebo ilikuwepo!"

"Ilikuwa kwenye ndoo ya taka." Akanigeukia. "Na wewe binti, sauti yote hiyo ulikuwa umeiweka wapi?"

Nikaitazama sakafu. Yeye akaenda kuzima umeme kwenye swichi kuu, akabandika lebo mpya kwenye hita, kisha akatoa nyingine, akaibandika juu ya mkoba wa kazi wa Baba.

"Huu nao usiguswe mpaka fundi apite."

Alipoondoka, Mama alibandika lebo nyingine kwenye kabati la biskuti, na Baba akala biskuti kama kawaida. Mkoba hakuusogelea. Aliuzunguka tu, kikombe mkononi, akiutazama kama mtu aliyenyimwa chakula.

Kulipokucha, kabla hajanawa uso, alikuwa ameshafika mlangoni kwa fundi.