Usukani Ulioangalia Dirishani

Gari ya baba yangu ni nyekundu, ina milango miwili, na imenizidi umri. Mama anaiita mke mwenza. Anasema tofauti yao ni kwamba mke mwenza angalau angesaidia kufua.

Ni gari ya spoti. Baba hapendi tuseme "gari" tu, lazima umalizie "ya spoti", hata siku inaposukumwa. Mbele anakaa mtu na mwenzake. Nyuma kuna kikalio ambacho nadhani walioitengeneza walikusudia mkoba, na hapo ndipo ninapokaa mimi, magoti masikioni. Sijawahi kulalamika. Kulalamika kunataka sauti, na yangu huwa inaishia kooni.

Usukani wake ulikuwa umechakaa mpaka unajivua ngozi kama nyoka, halafu unanata. Baba akishuka, viganja ni vyeusi kama ametoka kupakia mkaa. Akimpa mtu mkono, yule mtu anabaki anatafuta ukuta wa kujifutia. Baba akasema hiyo ndiyo alama ya dereva wa kweli.

Angeishi hivyo hivyo maisha yake yote kama Mama asingepata kazi. Yaani, karibu apate. Tangu kiwanda cha nguo kifungwe alikuwa nyumbani, anakunja mashuka yaliyokwisha kunjwa. Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya chekechea akamwambia, "Gari letu la kuchukulia watoto halina dereva. Wanaume nimewajaribu, wanaendesha kama wamebeba mchanga. Niletee leseni kabla shule haijafunguliwa, kazi ni yako."

Mama alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Lakini mtihani wa leseni unafanyika kwa gari unayokuja nayo mwenyewe, na sisi tunayo moja tu. Ya spoti.

"Nitakufundisha," Baba alisema, kama mfalme anayegawa shamba.

Somo la kwanza Mama alikuja na glavu za kuoshea vyombo, zile za njano. Baba akazitazama, akatazama majirani, akamwambia avue. Mama akasema hashiki lami kwa mikono mitupu. Kesho yake Baba alikwenda kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, akarudi amekumbatia usukani mwingine kama mtoto mchanga. Ulikuwa mzuri kweli: mdogo, ngozi ngumu, na juu kabisa una mstari mwekundu mwembamba.

"Huu mstari ni wa nini?" Mama akauliza.

"Urembo," Baba akajibu.

Kuufunga aliitwa Kiberiti, rafiki yake. Wanamwita hivyo kwa sababu ni mwembamba, kichwa kikubwa, na kila nyumba anayoingia huwasha jambo halafu yeye anazimika. Kazi yake kwa Baba ni kukubali.

"Wa kwenda kwa fundi ni nani, Mkuu? Nati moja!" akasema. "Fundi wa kazi gani na wewe upo?"

Wakatoa waya wa betri. Wakabandua kifuniko cha honi. Baba akafungua nati yote, akaweka magoti kwenye dashibodi, akavuta. Usukani haukutoka. Akavuta tena kwa hasira, ukatoka wote kwa mara moja, ukampiga kidevuni.

"Umetoka vizuri," Kiberiti akasema.

Mimi nilikuwa nimeshika tochi na kikombe chenye nati. Kutokea pale niliona kitu kimoja. Gari ilikuwa imeegeshwa imekata kona, tairi za mbele zimeangalia jikoni. Na Baba anauweka usukani mpya, mstari mwekundu juu kabisa, kama gari imenyooka.

"Baba," nikasema.

"Shika tochi."

Nikashika tochi.

Jioni wakaitoa barabarani. Gari ikanyooka vizuri, lakini usukani ukageuka, mstari mwekundu ukalala kulia, unaangalia dirisha la dereva kama abiria anayetafuta kituo chake. Baba akasimama. Akaenda tena. Mstari ukaangalia dirishani tena.

Kiberiti akamtazama Baba ajue leo anakubali nini.

"Ndivyo ya spoti zilivyo," Baba akasema taratibu. "Inampa dereva nafasi ya kuona mishale ya mwendo."

"Nilitaka kusema," Kiberiti akasema. "Hizi za kawaida zinaziba."

Tangu hapo ikawa elimu. Baba alimweleza muuza duka, kinyozi, hata mchungaji wetu aliyeomba lifti. Kila mmoja aliinamisha kichwa upande, akasema aaa. Nikashangaa watu wazima wanavyoweza kuona kitu kimepinda na wote wakapinda nacho. Mpaka shingo ya Baba ikaanza kulala kulia akiwa anakula.

Mama peke yake alisema. "Baba Watoto, si uunyooshe tu? Nati moja."

"Ukifungua mara mbili chuma kinalegea."

"Kinalegea chuma au unalegea wewe?"

"Mama Watoto, nani mwalimu hapa?"

Mama akafunga mkanda, maana leseni alikuwa anaitaka na mwalimu mwingine hana. Akajifunza hivyo hivyo. Baba akamwekea kanuni: "Mstari ukiangalia dirisha, tairi zimenyooka. Usirudi nyuma kabla mstari haujaangalia dirisha." Mama alikuwa anairudia akiosha vyombo, akianika nguo. Mstari dirisha, tairi sawa. Mstari dirisha. Uwanjani nyuma ya nyumba alipanga ndoo mbili, akawa anarudi nyuma katikati yake bila kuzigusa, kila jioni, mpaka watoto wa jirani wakaacha kuja kutazama kwa sababu haangushi kitu.

Siku ya mtihani tukaenda wote, na Kiberiti akaja kwa miguu yake. Uwanja ulikuwa umejaa. Afisa wa leseni alikuwa mama mnene mwenye sauti ya taratibu, ile inayotisha kuliko kelele. Akaingia upande wa abiria. Gari ikazama kidogo. Mama akaenda hatua chache moja kwa moja.

"Simama," afisa akasema. "Huu usukani umekaaje?"

Baba akakimbilia dirishani. "Afisa, hii ni ya spoti. Inampa dereva nafasi ya kuona mi..."

"Wewe ndiye unayefanya mtihani?"

"Hapana, Afisa."

"Basi usimwandikie majibu. Unyooshwe sasa hivi, au mama huyu arudi nyumbani."

"Ningeunyoosha," Baba akasema, uso umeng'aa kwa tumaini, "ila hatuna spana."

Mama akafungua mkoba wake. Akatoa spana. Ilikuwa yenyewe kabisa, ya ile nati. Akampa bila kumtazama.

Baba akaufungua mbele ya watu wote wa foleni. Kila mtu alikuwa na ushauri. Kiberiti alisimama pembeni na wageni, akawaambia, "Mimi nilisema toka mwanzo." Mstari mwekundu ukapanda juu, ukakaa pale ulipokusudiwa kukaa, na gari ikaonekana kama mtu aliyeondolewa kikohozi.

Barabarani Mama alikwenda vizuri. Tatizo likaja kwenye mapipa. Unatakiwa urudi nyuma uingie katikati ya mapipa mawili, na una nafasi mbili tu, ya pili ukikosa unarudi baada ya miezi mitatu. Baada ya miezi mitatu shule itakuwa imefunguliwa, na watoto wana dereva mwingine.

Mama akajiweka sawa. Nikamwona midomo inacheza. Nikajua anasema nini. Mikono yake ikazungusha usukani mpaka mstari ukaangalia dirisha, akarudi nyuma kwa uhakika wote wa zile ndoo, na pipa la kulia likaenda chini kwa mlio mmoja mkubwa.

Watu wakasema ooo.

"Moja imekwisha," afisa akasema, akashuka asimame pembeni.

Mama hakulia. Alishika usukani tu, akautazama kama mtu aliyemsaliti. Aliurudisha mstari juu, akautoa, akaurudisha. Akili inajua, mikono inakataa. Baba alikuwa nje ya kamba na mimi. Alikuwa anatafuna ndani ya shavu.

"Baba," nikasema. Safari hii ilitoka. "Anakusubiri wewe."

"Anisubirie nini?"

"Anasubiri umwambie."

Akanitazama kama ukuta umeongea. Halafu akainama, akapita chini ya kamba, akaenda dirishani kwa Mama. Nikamfuata, maana miguu nayo ilikuwa imeshazoea ujeuri.

"Mama Watoto," akanong'ona. "Ile kanuni iache."

"Kwa nini?"

"Iache tu."

"Niliishika majuma yote haya. Nitaiachaje bila sababu?"

"Niliufunga vibaya," Baba akasema, chini chini.

"Sikusikii, injini inanguruma."

"Niliufunga vibaya."

"Baba Watoto, ongea kama mwanamume mwenye gari ya spoti."

"NILIUFUNGA VIBAYA! NILIKUFUNDISHA UPOTOVU!"

Na wakati ule ule injini, ambayo huwa haijui adabu, ikazimika. Uwanja mzima ukasikia, kuanzia foleni hadi kibanda cha picha za leseni. Mtu mmoja akapiga makofi. Kiberiti akageuka akaanza kusoma tangazo la ukutani lenye picha ya mbwa.

Mama akavuta pumzi. Akatoa leso, akaifunga juu ya usukani ule mstari usionekane kabisa. Akawasha. Akageuza shingo, akatazama mapipa yenyewe, siyo kitu kingine, akarudi nyuma polepole. Kushoto ilibaki nafasi ya kiganja. Kulia ilibaki ya kidole. Gari ikasimama katikati.

Afisa akazunguka, akapima kwa macho, akazunguka tena. "Umefaulu," akasema. "Hiyo leso ukipewa gari ya watoto uitoe."

Nilidhani Baba atakaa kimya angalau siku nzima. Alikaa hadi dukani. Jioni nilitumwa sukari, nikamkuta amesimama mlangoni na kinyozi, muuza duka na Kiberiti.

"Nilifanya makusudi," alikuwa anasema. "Unampa mwanafunzi kitu kigumu kwanza. Askari si wanafundishwa kukimbia na mawe mgongoni? Mwisho unamtua mawe."

"Anaruka," Kiberiti akasema.

"Anaruka!"

Kinyozi akainamisha kichwa upande. Aaa.

Mama alikuwa amefika nyuma yao, hakuna aliyemwona. Nikadhani sasa moto utawaka. Alinyoosha tu mkono mbele ya Baba, kiganja juu, kiganja safi.

"Funguo," akasema. "Kesho naanza kazi, nataka kuzoea njia."

Baba akatazama wenzake. Kisha akaanza kujipekua mifuko, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu sana.