Mkia Ulioota Ukaotea

Mtunza vifaa alikuwa akitoboa bukta ya winga kwa mkasi mdogo wa kucha pale nahodha alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, taulo begani, akaimba, "Kima wetu huyooo!" Wenzake wakacheka. Mkia wa winga ukarefuka, ukagusa benchi.

"Subiri basi, bosi," mtunza vifaa alilalamika. "Ndo kwanza nimempima."

Siku winga aliposajiliwa hakuwa nao. Daktari wa timu alimkagua mpaka meno, hakuona kitu. Uliota wiki ile nahodha alipoanza kumwita hivyo, na tangu hapo kila neno hilo likitamkwa unaongezeka. Daktari aliubinyabinya, akasema ni mzima, hauna uvimbe, aendelee na mazoezi. Jumamosi winga akapokea mpira goli likiwa mgongoni kwake, akageuka, akatikisa nyavu. Bao safi, wallahi, ila mshika kibendera alishanyanyua mkono: mwili ulikuwa sawa, mkia ulikuwa umeotea. Jukwaa zima likamwimbia lile neno, akatoka uwanjani anauburuta kwenye nyasi.

Akaenda kamati ya nidhamu. Hakutaka nahodha afungiwe wala aombe radhi. Alitaka neno likatazwe, basi, kwa sababu binti yake alikuwa ameanza shule, darasa moja na mtoto wa nahodha, na mtoto yule alikuwa na mdomo wa babake.

"Ni utani jamani," nahodha alisema, machozi yakimlengalenga kweli. "Kwetu ukimpenda mtu unamwita hivyo. Huyu ni mdogo wangu kabisa!"

"Hata kwetu utani upo, kaka," winga akajibu. "Ila mtani akikutania nawe unamrudishia, mnakuwa sare."

"Basi mrudishie," alisema mwenyekiti.

Winga alimtazama nahodha.

"Punda wewe!"

Kamati nzima ikainama kuyakagua masikio ya nahodha. Wakangoja. Katibu alizunguka hata nyuma, akalibonyeza moja. Yalikuwa yale yale, madogo, yenye nta kidogo.

"Mnaona?" Mwenyekiti alishusha pumzi. "Maneno hayaoteshi kitu."

Akamfungia winga mechi mbili kwa kumtukana nahodha mbele ya kamati. Mlangoni nahodha alimkumbatia kwa nguvu. "Yameisha, Kima wetu," akamwambia, na winga akaukunja mkia mkononi usije ukabanwa na mlango.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani, anaishona sketi ya shule ya binti yao upande wa nyuma.

"Mwalimu kasema ni utani wa watoto," mkewe alisema bila kuinua uso. "Nimeacha tundu kubwa. Muhula ndo kwanza umeanza."

Binti yake alitoka chumbani na kanga kiunoni, akageuka ili baba aone vizuri.

"Wangu bado mdogo," alisema. "Ila nikikaa unauma. Wewe unakaaje, baba?"

Winga akavuta kiti, akamwonyesha.