Nyanya za Kavugho Wakati wa Kilio

Kiangazi kile kilipoingia mtaa wa Mususa, Syauswa alikuwa na mashina manne ya nyanya nyuma ya jiko, na hakuwa na kitu kingine duniani cha kuhangaikia. Watu wa avenyu yake walisema muze anaharibika, analea majani kama mtu anayelea mapacha. Asubuhi alifunika udongo kwa majani makavu ya migomba ili jua lisiunyonye. Shina lililolegea alilifunga kwenye mti wake wa kuegemea, vichipukizi vilivyoota kwapani mwa matawi akavikata kwa ukucha, jinsi mke wake alivyokuwa akifanya. Kisha alikaa kwenye kigoda, akaitukana serikali kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali.

Nyanya hizo hazikuwa za soko. Za soko ni kubwa na ngozi yake ni ngumu, zinaweza kuanguka kutoka kwenye lori zikaokotwa bila jeraha. Hizi zilikuwa ndogo, zenye mikunjo kama mfuko uliokazwa kwa kamba, na moja tu ilitosha kuamsha sufuria nzima ya maharagi. Kavugho alizileta kutoka kwao Kalunguta alipoolewa, na tangu hapo hakununua mbegu hata mara moja. Alipokufa, Syauswa hakushika jembe kwa misimu miwili. Akili iliporudi, panya walikuwa wamekula karibu mbegu zote, na zile zilizosalia ndizo zilizotoa mashina haya manne. Kalunguta nako hakukuwa tena na mtu wa kuombwa. Ndugu za Kavugho walikimbia bunduki zilipofika, kila mmoja na njia yake, mashamba yao yakawa msitu, na wale waliolipwa kuwalinda walifika siku ya kuhesabu makaburi. Kwa hiyo mashina haya yakifa kabla tunda moja halijaiva, nyanya za Kavugho zimekwisha.

Taabu ilikuwa maji. Robine ya avenyu, bomba la maji la watu wote, ilikuwa pale pale kwenye kona, na kufuli juu yake, na ufunguo wa kufuli mfukoni mwa Malachie, chef wa avenyu, yaani kiongozi wake. Malachie alisema amri imetoka juu: kiangazi ni kikali, maji ni machache. Ukimuuliza juu ni wapi, aliinua kidevu kuelekea mawinguni. Syauswa alikuwa ameishi chini ya wakubwa wa kila namna, wenye magwanda na wenye tai, na hakumwona hata mmoja aliyekosa maji ya kuoga. Kwa ajili ya kufuli hilo Kavugho alikuwa akishuka bondeni na kupanda na bidoni ya maji mgongoni, ukanda ukimkaza paji la uso. Siku moja ya jua, kiangazi kikikaribia kwisha, aliketi njiani apumzike kidogo, na hakusimama tena. Daktari alisema ni moyo. Syauswa alisema ni kufuli. Malachie alipokuja kwenye kilio, matanga ya Kavugho, na hotuba yake, Syauswa alimwambia mbele ya watu airudishe kule juu alikoitoa. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na maji ya nyanya Syauswa aliyatoa bondeni mwenyewe, kidogo kidogo.

Basi, nyanya zilikuwa zimefikia ukubwa wake lakini bado ni kijani, mama yake Malachie akafa. Aliitwa Kavuo, bibi kizee wa fimbo na misa ya asubuhi. Alilala mzima, hakuamka.

Karibu watu wote wa avenyu ile walitoka vijiji vya upande wa Kalunguta. Mengi waliyaacha huko, lakini jambo moja walikuja nalo mjini: mtu akifa, jembe linalala. Udongo unamngoja marehemu, na mpaka aingie hakuna mwingine anayeugusa, awe na shamba kubwa au na mchicha wa nyuma ya choo. Hulimi, hupandi, huvuni. Kumwagilia mmea nako ni kulima, wazee walishakata neno hilo zamani. Kwa kawaida ni siku moja, mbili zikizidi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Lakini Malachie alisema mama hazikwi mpaka Henri afike, mtoto wa kwanza wa marehemu, anayekaa Beni. Maiti ikawekwa morgue, chumba cha maiti cha hospitali. Na njia ya Beni ilikuwa imefungwa tena. Magari yalingoja askari wa kuyasindikiza, askari walingoja amri, na amri, kama kawaida, ilikuwa juu.

Asubuhi ya kwanza ya kilio Syauswa alisikia sauti aliyokuwa ameisahau, maji yakipiga sakafu ya bidoni tupu. Robine ilikuwa imefunguliwa kwa ajili ya kilio. Alikuwa bado anaisikiliza wakati jirani yake Marie-Jeanne alipotokeza kichwa juu ya ua. Marie-Jeanne na Kavugho waliitana dada, kwa hiyo yeye alimwita Syauswa semeki, yaani shemeji, na alimtania kama semeki. Kwenye kila kilio cha avenyu yeye ndiye aliyetawala sufuria.

"Semeki, leta ile sufuria yako kubwa. Batu beko bengi."

"Sufuria iko. Na maji pia iko, nasikia."

"Maji iko."

"Donc haikuwa kiangazi. Ilikuwa Malachie."

"Ilikuwa kiangazi na Malachie. Leta sufuria."

"Kavugho alikuwa anashuka bonde juu ya maji yenye ilikuwa hapa."

Marie-Jeanne alinyosha mikono juu ya ua, akapokea sufuria, akaenda.

Jua halikuwa na habari za kilio. Kila siku lilitoka jeupe, likasimama juu ya mabati ya Mususa na kukataa kuondoka. Vumbi la barabara lilikuwa jepesi kama unga, likatua juu ya kila jani. Mashina ya nyanya yalianza kulegea mchana na kujikaza jioni. Kisha yakawa hayajikazi tena. Syauswa alitoa chandarua chake kitandani, akakitandaza juu ya miti minne ili kivunje jua. Kivuli si kulima, alijiambia, na hata kama ni kulima, waje wanikamate.

"Ah, unaozesha nyanya?" Marie-Jeanne aliuliza kutoka kwenye ua. "Naona bimevaa voile kama bibi-arusi."

"Naozesha. Mais bwana-arusi ni jua, na anapiga."

"Henri alipiga simu. Anasema banangoja escorte."

"Bataingoja. Serikali iko na escorte ya mawaziri. Ya maiti haina."

"Maiti iko hapa, semeki. Ni muzima njo anakosa escorte."

"Njo vile nasema."

Siku nyingine ikapita, na nyingine. Matunda yalianza kupauka upande wa jua, ngozi ikajikunja, na mawili yakaweka doa jeusi kitakoni. Henri alikuwa bado Beni. Mchana ule Syauswa alikwenda kwenye robine na bidoni ndogo, akapanga mstari pamoja na kina mama waliochota maji ya kilio, akajaza. Hakuna aliyemzuia, maji ya kunywa yaliruhusiwa. Nyumbani alimimina kikombe kimoja, akakipeleka nyuma ya jiko, akainua chandarua. Udongo ulikuwa umepasuka kuzunguka mashina, ufa unaoweza kumeza kidole.

Marie-Jeanne alikuwa amekuja kuomba kuni. Alimkuta amesimama hivyo.

"Hiyo kikombe ni ya kunywa?"

"Ni ya kunywa. Sijasema ni ya nani."

"Semeki."

"Jembe iko wapi? Unaona jembe hapa? Kumwanga maji haiko kulima."

"Banasema ni kulima."

"Banasema. Nani? Ni bale bale tu. Mujini humu batu banauza simenti na maiti iko morgue. Banafungua butiki, banacheza muziki. Malachie mwenyewe alishinda kwa bureau jana, na mama yake hajazikwa. Ni miye tu, na kikombe moja, njo nitaharibu dunia?"

"Mwanga, basi. Sitasema kwa mutu."

Syauswa hakumwaga. Marie-Jeanne alivunja kuni moja kwenye goti, akaipanga juu ya nyingine.

"Mais nikuambie kitu," alisema. "Siku Kavugho alikuwa analala maiti kwa iyi nyumba, mama Kavuo alikuwa amekata marando ya viazi. Alikuwa ameweka kando ya matuta, anataka kupanda asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha, ile ya kwanza. Habari ikafika, akaweka jembe chini. Na wewe ulikawisha kuzika, juu ulikuwa unangoja mutoto wako Falonne atoke Beni. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Marando ilikauka yote. Na mvua yenyewe ilikuwa imeenda. Ule mwaka mama Kavuo alikula viazi vya soko. Alikuambia?"

"Hapana."

"Hakuambia mutu. Najua juu ni miye nilimusaidia kuitupa."

Aliweka mzigo wa kuni kichwani na kutoka, bila kuangalia nyuma aone atafanya nini.

Syauswa alisimama na kikombe chake. Angependa kumkasirikia mtu, lakini Malachie hakuwemo katika jambo hili, wala wale wa juu, wala askari wa njia. Alikuwemo bibi kizee mmoja tu na matuta yake yaliyonyeshewa bure, naye hakuweza kujibu. Kavugho angemwaga? Hakuhitaji kufikiri sana. Kavugho hakuwahi kukosa kilio cha mtu, na aliwahi kuacha maharagi yachipue kwenye maganda kwa ajili ya kilio cha mtoto mchanga wa watu asiowajua vizuri. Syauswa akayanywa maji yale mwenyewe, polepole, mpaka mwisho, ingawa hakuwa na kiu. Alishusha chandarua, akavaa koti lake na kwenda kukaa kwenye kilio.

Alikaa viti vya nyuma, penye wazee wasio na la kusema. Malachie alimwona akiingia. Aliinuka nusu, akakaa tena. Kina mama waliimba, chai ikapita, mtu mmoja akaeleza jinsi serikali itakavyotengeneza barabara, na Syauswa akamwambia kwamba baba yake pia aliambiwa hivyo, akafa akiwa amevaa buti za matope. Wakacheka kidogo, kwa adabu ya mahali. Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Nyuma ya jiko hakwenda tena. Alipita upande wa pili wa nyumba.

Henri alifika akiwa juu ya mzigo wa lori, amejaa vumbi mpaka kope, akasema njiani waliambiwa washuke mara nyingi kuliko walivyoambiwa wapande. Kesho yake wakamzika mama Kavuo. Syauswa alitupa konzi yake ya udongo kama wengine. Kwa siku zile zote ndio udongo wa kwanza aliougusa.

Kutoka makaburini alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Majani yalikuwa ya rangi ya tumbaku, yakavunjika alipoyagusa. Alimwaga maji hata hivyo, bidoni nzima, na ardhi iliyanywa kwa kelele lakini mashina hayakujibu. Akaanza kuyang'oa moja moja. Matunda yalikuwa yameungua au yameoza kitako. Ni kwenye shina la mwisho, chini kabisa, palipokuwa na kivuli cha chandarua na cha majani yaliyokufa kwanza, ndipo alipoliona moja jekundu. Lilikuwa dogo kama kifundo cha kidole gumba, limesinyaa. Mlimaji yeyote anajua kwamba mmea ukiona kifo huharakisha mtoto wake. Yeye pia alilijua, ila uchungu ulikuwa umemsahaulisha.

Alikuwa bado amelishika wakati Malachie na Henri walipoingia. Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kushukuru, kama inavyofanywa.

"Muze, tunashukuru," Malachie alisema. "Ulikaa na siye."

"Nilikaa na mama yako."

Malachie aliangalia mashina yaliyolala chini, kisha chandarua. Alitoka kijijini kama wengine, hakuhitaji kuelezwa.

"Juu ya nini hukusema? Ningekupa ruhusa."

"Hii haiko ruhusa yako. Yenye iko yako ni robine."

"Robine, muze, ni amri. Inatoka..."

"Juu."

"Inatoka juu."

"Robine gani?" Henri aliuliza, maana yeye alikuwa mtu wa Beni. Malachie alitoa mkono, na Syauswa, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa na tunda na mwingine na matope, alimwonyesha yote miwili. Malachie akamgusa kifundo cha mkono, akatoka na ndugu yake. Jioni kufuli lilikuwa tena kwenye robine.

Syauswa alilipasua tunda kwa kidole juu ya sahani, akaacha maji yake yachachuke kidogo, akaosha mbegu na kuzianika kwenye kipande cha karatasi, mahali anapoweza kuzilinda na kuku. Zilikuwa chache, na baadhi nyembamba kama magamba. Zilipokauka, Marie-Jeanne alikuja, akaziangalia kwa muda mrefu bila mzaha wowote.

"Nipe nusu," alisema. "Panya ikikula kwako, haitakula kwangu."

Hilo lilikuwa na akili. Syauswa alizitenga kwa ncha ya kisu, nene kwa nene na nyembamba kwa nyembamba, ili asionekane mwizi. Kabla hajamsogezea fungu lake aliweka kiganja juu.

"Mais Malachie asipate hata moja. Akikuomba, mwambie ni amri."

Marie-Jeanne aliondoa kiganja kile kama mtu anayeondoa mfuniko. Alizikusanya mbegu, akazifunga kwenye pembe ya kitenge chake, akapiga fundo, akaondoka bila kuahidi kitu.