Kondoo wa Nanda na Chumvi Yangu

Itangazwe katika bonde letu lote kwamba mimi, Madan Rawat, mwanafunzi wa bweni mwenye mwenendo mwema, nimeteuliwa na Nanda mwenyewe, mungu wetu wa kike, kuwa mwandani wake safarini. Ushahidi: kondoo wake dume wa pembe nne, anayeongoza msafara, kila anaposimama husimama mbele yangu na kuninusa kwa heshima. Ushahidi wa pili, ambao sikuutangaza, ulikuwa chumvi ya mawe mfukoni mwangu.

Wazee wa vijiji nisivyovijua waliinama kunigusa miguu. Niliwabariki kwa uso wa mwalimu mkuu siku ya kufunga shule.

“We Madan,” shangazi Bachuli alininong'oneza, “tangu lini miungu wakapenda mtu asiyeoga?”

“Shangazi, usibishane na mbingu.”

“Nitabishana nazo nikifika juu. Tembea!”

Yeye alikuwa akitembea peku tangu nyumbani. Katika mkoba mmojawapo mgongoni mwa kondoo alikuwa ameweka bangili za Kamla, bintiye aliyefariki kabla ya kuolewa. Nanda ni binti wa vijiji vyetu, na tunamsindikiza mlimani kwa mumewe. Kila nyumba humfungashia kitu. Ziwani Homkund kondoo huachiliwa. Akienda peke yake hadi asionekane, zawadi zimepokelewa. Akirudi, Nanda amezikataa.

Siku ya mwisho ya safari tulipanda tangu alfajiri juu ya mawe makubwa kama nyumba, miavuli mitakatifu ya vijiji ikiyumba mbele yetu. Pumzi ilikuwa haba hata kwa matusi. Tulipofika ziwani wingu likafunguka, na mlima Trishul ukawa umesimama mbele yetu wote mzima, mweupe, karibu mno, kana kwamba ulikuwa ukitusikiliza. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Sikuweza kuutoa.

Baada ya sala wanawake walilia kama wanavyolia bibi harusi anapotoka kwao. Mzee Khilaf Singh, mchungaji wa kondoo, akafungua kamba. Kondoo akaelekea kwenye theluji, mikoba ikicheza mbavuni. Watu elfu na zaidi, na hakuna aliyekohoa.

Akasimama. Akageuka. Akaja moja kwa moja kwangu.

“Amezikataa,” shangazi alisema, akaketi juu ya mawe. “Hata Nanda hamtaki Kamla wangu.”

Khilaf Singh alinitazama, akamtazama kondoo aliyekuwa akisukuma pua kwenye suruali yangu.

“Bwana mteule,” alisema, “hebu geuza huo mfuko.”

Nikaugeuza mbele ya watu wote. Chumvi ikamwagika. Kondoo akailamba jiwe kwa jiwe, na sisi tukangoja, na mlima ukangoja. Ilipokwisha aliinua kichwa, akanipita kama anayepita kigogo cha mti. Alipanda theluji bila kutazama nyuma, akawa kama punje ya kahawa kwenye shuka, kisha wingu likashuka likamchukua, pamoja na bangili.

Shangazi alikuwa bado anatazama pale juu, machozi yakimtiririka.

“Tangu lini?” aliuliza bila kugeuka.

“Tangu kijiji cha Wan, Shangazi. Kila siku. Nilitaka tu waniguse miguu. Sikukumbuka bangili. Hata mara moja sikuzikumbuka.”